Somo: Sikukuu na mila katika riwaya ya upelelezi, zisiwe pambo tu

Assalaam alaykum jamaa. Rasimu nyingi ninazosomeshwa zina Idi ndani yake. Pilau inanukia, watoto wamevaa nguo mpya, Mnazi Mmoja pamefurika, na ukifika aya ya tatu kuna maiti. Nikiuliza kwa nini Idi, sipati jibu. Ihamishe maiti ile hadi Jumanne yoyote na hakuna kitakachoharibika kwenye kisa. Basi Idi hiyo ni pambo, ifute.

Sikukuu huwapangia watu mambo: nani awe wapi saa ngapi, nani ale na nani, nani atoe pesa, nani asionekane nje. Mpelelezi naye anaishi kwa maswali hayo hayo. Wala hatuanzi jambo geni. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, alitoka kwa msomaji mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, na jina la kitabu peke yake linakuonesha fumbo limetegwa wapi.

Hatua ya kwanza: andika wajibu kabla ya rangi

Chagua sikukuu moja. Usiandike inavyoonekana, andika inavyolazimisha. Idi ndogo, kwa mfano: zaka ya fitri itolewe kabla ya sala, baada ya sala upite kwa wazee, watoto wazunguke nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idi, jioni viwanjani, siku nne mfululizo. Sasa muweke mhusika wako mbele ya kila wajibu uone anafanya nini. Mjomba anampa kila mtoto noti mpya isipokuwa mmoja. Huna haja ya kurasa mbili za ugomvi wa mirathi, mtoto yule atarudi nyumbani kumuuliza mama yake, na mama atanyamaza.

Hatua ya pili: tafuta mwanya wa kalenda

Hapa ndipo penye utajiri, na nashangaa wachache wanapagusa. Kuna miaka mwezi huigawa nyumba. Mmoja anafuata mwandamo popote ulipoonekana duniani, mwengine anasubiri tangazo la Mufti wa Zanzibar. Asubuhi moja, chini ya paa moja, huyu kavaa kanzu mpya ananukia udi, yule bado kafunga.

Tuseme Mzee Kombo, fundi cherehani wa Kikwajuni, amekutwa amekufa. Mpwa wake aliyekulia Maskati anasema: "Nilimwacha mzima siku ya Idi, saa saba mchana. Tumekula pilau pamoja." Jikoni kweli kuna sahani mbili zimeliwa. Lakini chumbani, juu ya mashine ya kushonea, kuna tende tatu chini ya kawa na gilasi ya maji iliyofunikwa kisahani. Hizo ni tende za mtu anayesubiri magharibi. Idi ya Mzee Kombo ilikuwa kesho yake. Sahani ya pili kala nani?

Kidokezo hiki hakihitaji maabara wala simu iliyofunguliwa na mtaalamu. Kinahitaji mtu anayejua kwa nini tende zimefunikwa. Na kinakupa tabia za watu wawili kwa mpigo: mzee asiyekubali kufuturu kabla ya tangazo hata mgeni akimcheka, na mpwa asiyemjua mjomba wake kiasi cha kumsingizia mlo.

Ukishaelewa mchezo huo, mingine utaiona mwenyewe. Sita ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani: mtu anayefunga siku zile sita hatokunywa chai saa nne asubuhi, hata kama mtaa mzima unakula. Daku: saa tisa za usiku wa Ramadhani mtaa umeamka na taa zinawaka, kwa hiyo muuaji aliyezoea giza la mwezi mwengine amejipalia makaa.

Hatua ya tatu: usiruke mazishi

Mazishi si sikukuu, najua, lakini hakuna mila inayombana mpelelezi wetu kama hii. Aliyefariki asubuhi mara nyingi alasiri ameshazikwa. Mpelelezi wa nchi za baridi ana wiki nzima na maiti kwenye friji, wako ana masaa.

Na kuna shahidi ambaye kila rasimu humsahau, naye ni muosha. Wanaume huoshwa na wanaume, wanawake na wanawake, mume na mke wakiruhusiwa kuoshana. Huyu ndiye aliyemuona marehemu mwili mzima, akamgeuza ubavu, akapitisha kitambaa shingoni kwa maji ya mkunazi. Kisha dini imemuusia kusitiri alichokiona. Fikiria bibi wa makamo, ameosha maiti za mtaa wake tangu ujana, anaona alama ya kamba chini ya nywele. Wenzake wanamwagia maji, hawajaona. Akisema, amefichua maiti. Akinyamaza, kuna mtu atakula wali wa hitima huku mikono yake imeua. Mwandishi mvivu atampeleka bibi huyu polisi siku hiyo hiyo. Mimi ningemwacha amalize, atie kafuri, avishe sanda, aende kwake akashindwe kulala.

Halafu eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Ukimtaka atoe ushahidi, mpelelezi wa kiume ataongea naye nyuma ya pazia, wifi au jirani akiwa pembeni, na pengine wifi huyo ndiye hasa asiyetakiwa kusikia. Ukitaka aonekane mshukiwa, usimfanye acheke. Mtie hina mbichi vidoleni katika mwezi wa pili wa eda, inatosha.

Hatua ya nne: sikukuu kubwa itumie kwa pembeni

Kila mwaka kuna anayetaka kuua mtu Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza chuki za mwaka uliopita, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wamependeza wanaimba na kutupiana maneno. Mauaji katikati ya pale yanatabirika, msomaji ameshayaona kabla hujayaandika. Mimi ningekaa na ile desturi kwamba kila nyumba ipate mgeni wa kumlisha siku hiyo. Mtu asiyejulikana anaingia, anakaribishwa, anakula, anatoka. Kumuuliza mgeni katokea wapi kabla hajashiba ni aibu, kwa hiyo nyumba nne zimemlisha na hakuna aliyeshika jina lake.

Hatua ya tano: toa kanuni mapema, toa jibu baadaye

Kama fumbo linategemea sita, sita itajwe sura ya pili kwa jambo dogo: mke anamkatalia mume chai, maisha yanaendelea. Ukiieleza kwa mara ya kwanza kwenye sura ya mwisho, umemuibia msomaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Wete: Maalim, wasomaji wangu wengi wako Bara na baadhi yao si Waislamu. Nitawaelezaje eda bila kugeuza riwaya kuwa darasa?

Jibu: Mtie mtu asiyejua, halafu akosee. Askari mgeni agonge mlango, aseme "mwiteni mjane aje barazani," uone wanawake watakavyomtazama. Sentensi mbili za mama mkwe zitamfundisha askari na msomaji pamoja. Usiweke mabano ya ufafanuzi, na tanbihi ndiyo kabisa usiniletee.

Mwanachama wa Jambiani: Mimi kisa changu kiko Pemba na muuaji anatumia uganga. Kuna ubaya?

Jibu: Uganga ukiwa ndio silaha iliyoua, riwaya ya upelelezi imekufa, kwa sababu hakuna cha kupeleleza. Uganga ukiwa ni kitu ambacho wahusika wanakiogopa, na mwenye akili anakitumia kuficha sumu, hapo unayo kazi nzuri. Ila, ndugu yangu, Wapemba wamechoka kuandikwa kama kwamba kila mlango una mganga. Mpe Mpemba wako duka la vifaa vya ujenzi, madeni, na mtoto anayesoma skuli ya bweni, kisha ndiyo umpe hofu.

Mwanachama mwengine: Shikamoo Maalim. Mhusika anayevunja mila ndiye lazima awe na hatia?

Jibu: Marahaba. Hapana, tena ukifanya hivyo mara mbili wasomaji watakushika. Kijana anayekula mchana wa Ramadhani kwa kificho atadanganya alikuwa wapi, na uongo wake utamfanya ashukiwe mauaji, kumbe alikuwa nyuma ya nyumba na boflo na soda. Watu hudanganya kwa aibu kuliko kwa hatia. Na anayeshika mila kupita kiasi, anayetangulia safu ya mbele msibani na kulia kuliko wenye maiti, mtazame vizuri.

Mwanachama wa Chake: Msimu wa karafuu si sikukuu, lakini kwetu unaendesha kila kitu. Naweza kuutumia?

Jibu: Utumie bila kuomba ruhusa. Pesa za karafuu ndizo zinazoamua harusi ifanywe lini na deni lilipwe lini, na kwa kuwa mnunuzi wa halali ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, magendo ya kuvushia karafuu Kenya yanakupa sababu ya kuua ambayo haihitaji mapenzi wala mirathi. Usiku familia nzima inakaa kuchambua vikonyo, kwa hiyo kila mtu anajua nani hakuwepo. Mchana karafuu ziko juani kwenye majamvi. Mvua ikinyesha, hakuna Mpemba atakayeziacha zilowe, atatoka mbio hata akiwa anaumwa. Sasa mpelelezi wako afike kwenye nyumba asubuhi, akute jamvi uani limelowa chapachapa, karafuu zimevimba, na mwenye nyumba anaapa alilala humo usiku kucha. Ila angalia miezi. Ukianika karafuu wakati ambao hakuna hata moja mtini, msomaji wa Mtambwe atakifunga kitabu hapo hapo na atawaambia wenzake.