Betri mbovu za simu na taa: fundi mwenzangu, zikusanye hivi

Nina banda la kutengeneza simu na taa za sola hapa Chake Chake, Pemba. "Fundi, itupe tu," ananiambia mvuvi wa dagaa nikishamfungia betri mpya kwenye taa yake. Niitupe wapi? Betri ya gari ikifa, mnunuzi wa vyuma chakavu huja mwenyewe, maana ina madini ya risasi. Hii ya lithiamu, ya simu na taa, hata haitazami.

Zamani nilizitia zote kwenye kopo la maziwa, na skrubu humo humo. Siku moja skrubu ikagusa ncha mbili za betri, kopo likafuka, likawaka. Nililipiga teke hadi barabarani.

Kwa hiyo betri ikitoka tu kwenye chombo, ziba ncha zake kwa tepu nyeusi ya umeme, hapo hapo, kabla hujapokea pesa. Kisha itie kwenye chungu cha udongo: hakiungui wala hakipitishi umeme. (Mke wangu bado anakiulizia chungu chake.) Tandaza mchanga mkavu, panga betri, funika kwa mchanga tena. Kifuniko kilalie tu, usikikaze.

Iliyovimba ina chungu chake, nje, kivulini, mbali na karafuu zilizoanikwa. Usiitoboe kutoa upepo; najua mafundi wanaofanya hivyo. Ikishika moto, simama upande unakotoka upepo, imwagie maji mengi kwa mbali, na moshi wake usiuvute kabisa.

Sasa zitenganishe kwa aina, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Soma maandishi ya ubavuni. Ya simu huandikwa volti 3.7 au 3.8, na kwa kawaida ina kobalti, madini ambayo viwanda vya kurejeleza vinayataka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inavitaka vya kwao virudishe asilimia 90 ya kobalti ifikapo mwisho wa 2027. Yenye volti 3.2, inayotumika sana kwenye taa za sola, ni ya chuma na fosfeti, haina kobalti wala nikeli. Hiyo hailipi nauli yake, lazima mtu aigharimie.

Mtu huyo, kwa maoni yangu, ni muagizaji aliyeiingiza na kupata faida. Ndiyo maana nina daftari: tarehe, aina, uzito, na jina la muagizaji kama limo kwenye lebo. Ukenda kwake na maneno matupu atakuagizia chai, basi. Ukenda na daftari la kilo, mtazungumza.

Nakala nyengine mpelekee sheha, kiongozi wa mtaa, akuandikie barua ya kwenda Baraza la Mji na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Usiwaombe pesa. Waombe chumba kikavu chenye kufuli, na kibali cha kuzisafirisha nje. Taka za hatari hazivuki mpaka wa nchi kiholela: Mkataba wa Basel wa 1989 unataka nchi inayopokea ikubali kwa maandishi kabla ya meli kuondoka. Barua hiyo ya idhini fundi haandiki, wala muagizaji. Ni ya serikali kwa serikali.

Na usizitie begini ukapanda nazo boti kwenda Unguja, hata ukiombwa na rafiki.

Chungu changu kimejaa hadi shingoni. Nimeanza cha pili, na hiki nimekinunua mwenyewe.