Kutoa picha kwenye kamera ya zamani na kuziingiza kwenye laptopu mpya

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu alipanda daladala kutoka Ujiji akanifuata Mwanga, kamera ndogo ya kidijitali ameifunga kwenye ncha ya kitenge kwa mafundo mawili. "Mwanangu, wameniambia hii imekufa, niitupe. Lakini bibi yako yumo humu." Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, na picha zake za uzeeni ziko kwenye kamera ile tu.

Kamera ilikuwa nzima. Ilikosa betri zenye nguvu na mtu wa kuihangaikia. Naandika nilivyofanya kwa sababu najua kamera za namna hii zimelala kwenye masanduku ya nyumba nyingi hapa Kigoma, na picha zilizomo hazina nakala kokote.

Hatua ya 1: Ijue kadi yako

Fungua kimlango cha betri, kwa kawaida kiko chini. Kadi hukaa pembeni ya betri. Isukume kidogo kwa ukucha, itajitokeza yenyewe. Yenye ukubwa wa stempu na kona moja iliyokatwa ni SD. Iliyo ndefu na nyembamba kama kipande cha chingamu ni Memory Stick ya Sony. Ndogo zaidi ya SD, kutoka kamera za Olympus au Fujifilm za kuanzia 2002, ni xD. Iliyo nene, yenye safu mbili za matundu madogo upande mmoja, ni CompactFlash.

Ukikuta hakuna kadi, usikate tamaa. Kamera nyingi zina memori kidogo ya ndani, na picha zinaweza kuwa humo. Hata kama kadi ipo, itoe, washa kamera bila kadi, uangalie. Wengi husahau hapa.

Hatua ya 2: Kadi rida au waya?

Kadi rida, yaani kifaa kidogo cha kusomea kadi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Sina msimamo wa katikati kwenye hili. Tafuta ile yenye matundu mengi, inayosoma SD, Memory Stick, xD na CompactFlash, maana tundu la kadi lililo kwenye laptopu, kama lipo, mara nyingi ni la SD peke yake. Laptopu yenye matundu ya USB-C tu itahitaji adapta ndogo. Ukitumia kadi rida kamera haihitaji hata kuwaka, kwa hiyo betri haiwezi kukuishia katikati ya kazi.

Waya utumie pale tu picha ziko kwenye memori ya ndani, au rida ya kadi yako imekosekana kabisa. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima miaka ya nyuma, tangu magharibi mpaka saa sita usiku, kwa hiyo nisome taratibu.

Nilichomeka kamera ya mteja kwenye kompyuta, kompyuta ikakaa kimya. Nikabadilisha tundu. Nikawasha upya. Nikashusha draiva, yaani programu ya kuisaidia kompyuta kukitambua kifaa, kwenye tovuti nisiyoijua, ikaniletea matangazo kila nikifungua intaneti. Nikafuta Windows yote nikaiweka upya. Kimya kile kile. Mwishowe nikaukata waya wenyewe kwa wembe. Ndani zilikuwamo nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Hizo hubeba umeme. Waya wa USB wa kamera hizi ukiwa wa kupitisha data huwa na mbili zaidi, kwa kawaida nyeupe na ya kijani, na zile hazikuwamo. Nilikuwa nimeuziwa waya wa chaji.

Sasa kabla sijagusa chochote kwenye kompyuta, nahakikisha waya. Ujaribu kwa kifaa kingine chenye tundu hilo hilo kinachosoma data, kwa mfano diski ya nje ya zamani. Usiseme mzima kwa sababu umechaji nao spika. Angalia pia umbo la kichwa: kamera nyingi za zamani zina mini-USB, lakini baadhi zina tundu linalofanana nalo ambalo ni la kampuni husika. Kichwa kikigoma, usikilazimishe, utapinda pini za ndani na hapo umepoteza njia.

Waya ukiwa mzima na kompyuta bado haioni kitu, fuata mambo haya. Weka betri mpya. Za AA zilizotolewa kwenye saa ya ukutani hazitoshi, kamera itazimika tu. Washa kamera, kisha iweke upande wa kutazama picha, sio wa kupiga. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia hab, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB. Halafu usisubiri itokee na herufi kama fleshi: kamera nyingi huongea na kompyuta kwa njia iitwayo PTP, nazo hutokea kwenye File Explorer kwa alama ya kamera. Baadhi zina menyu ya USB ya kuchagua kati ya PTP na Mass Storage, ambayo huifanya kamera ionekane kama fleshi. Moja ikikataa, jaribu nyingine.

Na draiva za tovuti usizozijua, achana nazo.

Hatua ya 3: Funga kadi kabla haijaingia kwenye kompyuta yoyote

Kadi ya SD ina kiswichi ubavuni. Kisogeze upande wa kufunga. Kwa kawaida kompyuta itasoma picha bila kuandika chochote, na virusi vya kompyuta za mitaani havitaingia.

Kama virusi vilishaingia zamani, utaona folda zimegeuka njia za mkato na picha hazionekani. Mara nyingi zipo, zimefichwa. Kopi kila kitu kwanza, pamoja na vilivyofichwa, bila kufungua njia hizo za mkato. Kisha fungua kiswichi, na kama kadi imepewa herufi E, andika hivi kwenye Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, ili vilivyofichwa vionekane tena:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati kadi, yaani kuifuta na kuiandaa upya, kataa. Jaribu rida nyingine kwanza, kisha programu ya bure iitwayo PhotoRec, na picha itakazookoa zihifadhi kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ile ile.

Hatua ya 4: Kopi

Fungua folda ya DCIM, ambamo kamera huweka picha, kopi yote. Nimesema kopi, sio kukata: umeme ukikatika katikati ya kukata, hujui kipi kiko wapi. Ukimaliza linganisha idadi ya faili pande zote mbili. Za shangazi zilikuwa 412 huku na 412 kule.

Hatua ya 5: Tarehe

Betri ikikaa nje muda mrefu, saa ya kamera hurudi mwanzo. Picha za harusi ya binamu yangu ziliandikwa 5 Januari 2004, lakini ukutani nyuma ya wacheza ngoma kuna mabango ya kampeni za uchaguzi wa 2010. Kadi ya mwaliko, ambayo shangazi anayo bado, inasema 2 Oktoba 2010. Tofauti ni miaka 6, miezi 8 na siku 27. Kwa ExifTool, programu ya kurekebisha tarehe zilizoandikwa ndani ya picha, nikazisogeza zote kwa mstari mmoja:

exiftool "-AllDates+=6:8:27 0:0:0" Harusi

"Harusi" ni jina la folda. Programu huacha picha asili pembeni, kwa hiyo ukikosea unarudi. Ila fanya fungu kwa fungu, kwa sababu kila saa iliporudi mwanzo tofauti ilibadilika.

Hatua ya 6: Nakala ya pili, kisha kadi

Weka nakala kwenye fleshi au diski ya nje, zifungue picha kadhaa hapo hapo uone zinafunguka. Ndipo urudishe kadi kwenye kamera, ufungue kiswichi, na uifomati kwa menyu ya kamera yenyewe. Kwa xD hili ni la lazima: ikifomatiwa kwenye kompyuta, kamera inaweza kuikataa.

Ya shangazi sikuifomati. Alisema kadi ibaki ilivyo, nikaifunga kiswichi nikamrudishia, akaifunga tena kwenye kitenge pamoja na fleshi.