Siku moja Maskati, mji mkuu wa Oman: anza na msikiti, malizia sokoni

Wasio Waislamu huingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Ijumaa hawaingii. Fika mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Wengi hukwama mlangoni kwa sababu ya mavazi: mwanamke afunike nywele, mikono hadi kiganjani na miguu hadi kifundoni, kwa nguo isiyoonyesha mwili, mwanamume avae suruali ndefu. Ndani, zulia la ukumbi wa wanaume lina mita 70 kwa 60.

Kisha nenda mji mkongwe. Kasri la Al Alam, la sultani, hutazamwa kutoka langoni tu, katikati ya ngome za Jalali na Mirani walizojenga Wareno.

Soko la Matrah liache hadi jioni, maana maduka mengi hufungwa mchana. Beba noti ndogo. Riali 1 ni baisa 1,000, na mgeni hujichanganya hapo. Ubani uchague wenye rangi nyeupe ya kijani, usio na vumbi. Bei ya kwanza? Ishushe, kwa upole.

Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo adhuhuri kaa ndani.