Nani Anampiga Nani: Namna ya Kubishana Kuhusu Nguvu na Uandishi wa Manga za Shonen

Ubishi wa shonen, yaani manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za vijana wa kiume, hugeuka ligi isiyoisha kwa sababu watu hujibu maswali mawili kwa mpigo. "Goku wa Dragon Ball na Luffy wa One Piece, mbabe nani?" ni swali la vipimo. "Dragon Ball imeandikwa vizuri kuliko One Piece?" ni swali la ufundi. Mhusika anaweza kupasua sayari ndani ya hadithi mbovu, na hadithi tamu inaweza kuwa na steringi anayepigwa kila wiki. Muulize mwenzako anabishania lipi, kisha msiruke kutoka moja kwenda jingine pale mmoja anapobanwa.

Kwenye swali la vipimo, kubalianeni kwanza ushahidi utoke wapi: kurasa za manga, anime (katuni zake za televisheni), au vitabu vya mwongozo. Havisemi kitu kimoja. Ile nguvu ya Goku ya "zaidi ya 9,000" inayopigiwa kelele hadi leo haimo kwenye manga. Pale Vegeta, adui wake wakati huo, alisema zaidi ya 8,000. 9,000 ililetwa na anime iliyotiwa sauti za Kiingereza. Milioni 120 za Frieza, adui anayebadili maumbo, katika umbo lake la mwisho nazo zimetoka kwenye kitabu cha mwongozo. Manga iliishia "zaidi ya milioni moja" kwenye umbo la pili. Tajeni na wakati pia. Dragon Ball ilitoka 1984 hadi 1995, sura 519, kwa hiyo "Goku" peke yake si jibu. Goku wa sura ipi?

Halafu namba zenyewe. Raditz, adui mwingine wa Goku, anapotua duniani, skauta yake (kifaa cha kusoma nguvu) inampa mkulima mwenye bunduki 5, Goku 334 na mwenzake wa pambano Piccolo 322. Wawili hao wanavua nguo zao za uzito: 416 na 408. Piccolo anakusanya nguvu kwenye ncha za vidole, skauta inapanda hadi 1,330. Mtu yuleyule, pambano lilelile, kurasa chache tu. Skauta inasoma alichokitoa mtu kwa dakika hiyo, haisomi ukomo wake. Anayekuletea 408 kama "nguvu ya Piccolo" amesoma nusu ya tukio. Na ukitaka kummaliza kabisa, mkumbushe Trunks, mpiganaji wa upande wa Goku: alipotokea mara ya kwanza skauta ilimsoma 5, sawa na yule mkulima, kisha akamkatakata Frieza.

Namba hizo pia hupatwa na mfumuko, kama bei za sokoni. Muda si mrefu baada ya 1,330 kuwa jambo la kutisha, Frieza anamwambia Nail, mpiganaji mwenye 42,000, kwamba yeye ana 530,000. Wanaoumia ni wahusika wa pembeni: Yamcha na Tenshinhan, waliosomwa 177 na 250 baada ya pambano la Raditz, noti zao zipo ila hazinunui kitu. Hili ndilo daraja halali kati ya maswali yetu mawili. Mfumuko wa nguvu ni kosa la uandishi pale tu unapowafanya watu wengi wasiwe na kazi tena.

Jihadhari na hesabu za uharibifu. Mzee Roshi, mwalimu wa Goku, alilipua mwezi wakati hadithi bado ilikuwa na mzaha mwingi; baadaye skauta ikampa 139. Ukilichukua tukio hilo kama kipimo, kila aliyezidi 139 anavunja mwezi, na vitisho vyote vya mbele vinakuwa vichekesho. Tukio moja lisilofanana na mengine liwekwe pembeni.

Mnyororo wa "A alimpiga B, B alimpiga C" nao hukatika mapema. Katika Hunter x Hunter, Kurapika alimshinda Uvogin, mmoja wa genge la Buibui, kwa mnyororo aliouwekea sharti: ni kwa Buibui tu, akiufunga kwa mtu mwingine anakufa. Ushindi ule hausemi lolote kuhusu pambano lake na mtu asiye Buibui. Vivyo hivyo bei za vichwa vya maharamia kwenye One Piece, yaani zawadi ya kuwakamata. Baada ya sehemu ya hadithi iitwayo Wano, Buggy, mharamia mchekeshaji, alipangiwa beri (fedha ya humo) 3,189,000,000 na Luffy 3,000,000,000. Serikali ya humo, inayopanga bei hizo, inapima usumbufu. Sidhani kuna atakayesema Buggy anampiga Luffy.

Kwenye uandishi, acha "inachosha" na "ni kali." Chukua pambano moja, uliza kama ushindi uliandaliwa kabla, uligharimu nini, na kesho yake nini kimebadilika. Kurapika anafaulu yote: sharti linaelezwa, gharama ni uhai wake, na ushindi unamletea uadui wa Buibui wote, wenzake Uvogin. Kaguya wa Naruto anafeli la kwanza. Anafufuka kama adui wa mwisho zikiwa zimebaki sura kama 20 kati ya 700. Utajibiwa kwamba jina lake lilishatajwa. Kweli, lakini kutajwa si kuandaliwa. Hakuna mhusika aliyekuwa na deni naye.

Hukumu kwa mkasa mmoja mmoja (sehemu moja ya hadithi), si manga nzima. Mwandishi wa kila wiki anatoa kurasa karibu 20 huku hajui kama atafutwa au ataongezewa miaka kumi, kwa hiyo ubora hupanda na kushuka. Hilo linaeleza udhaifu, haliufuti. Na "steringi hafi" si hoja, shonen nyingi ziko hivyo. Hoja ni kama mwandishi alitafuta sababu ya yeye kutokufa.

Ubishi ukikwama, muulize mwenzako: ukurasa gani ungekufanya ubadili mawazo? Akisema hakuna, badilisheni mada, muongelee mpira.