Somo la kwanza la michoro ya kompyuta: pembetatu moja, bila kadi ya michoro

Kama maabara yenu hapo Kigoma ina mashine za zamani zisizo na kadi ya michoro, msihangaike. Wiki za mwanzo haihitajiki. Tena humfichia mwanafunzi kile kile mnachotaka akione. Anzeni na karatasi ya grafu, ambayo hata umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kila mmoja achore pembetatu yenye vipeo A(1,1), B(7,1) na C(1,7). Mhimili wa wima uhesabiwe kwenda chini, kama kwenye kioo cha kompyuta. Asiyeambiwa hili mapema atatoa picha kichwa chini miguu juu. Kisha achukue kijiraba (2,2), yaani mraba mdogo wa karatasi ambao kona yake ya juu kushoto ni (2,2), na apime katikati yake, yaani (2.5, 2.5), si konani. Kwa upande wa kutoka A kwenda B na nukta P, akokotoe:

(Bx − Ax)(Py − Ay) − (By − Ay)(Px − Ax)

AB inatoa 9, BC 18, CA 9. Zote chanya, basi nukta imo ndani. Jumla ni 36, maradufu ya eneo la pembetatu. Kila jibu ligawanywe kwa 36, na kila upande ukipe uzito kipeo kinachoutazama: A 0.5, B 0.25, C 0.25. Rangi ya kijiraba huchanganywa kutoka rangi za vipeo vitatu kwa viwango hivyo hivyo. Hapa msikimbie.

Sasa mtego: wapime kijiraba (3,4). BC inatoa 0 kamili, na vijiraba vyote 6 vya mshazari huo viko hivyo. Ikiongezwa pembetatu ya pili kukamilisha mraba, anayekubali chanya tu atabaki na ufa. Anayekubali na 0 atavipaka mara mbili. Kanuni: pembetatu huchukua mipaka yake ya juu na ya kushoto, mingine humwachia jirani.

Kwenye kompyuta, picha iandikwe kama faili la PPM (faili sahili la picha) aina ya P6, pikseli (vijiraba vya kioo) 640 kwa 480. Kichwa cha mistari mitatu (P6, kisha 640 480, kisha 255) ni baiti 15; pikseli 307,200 mara 3 ni 921,600. Faili liwe na baiti 921,615, si zaidi. Likizidi kwenye Windows, limefunguliwa kama maandishi: kila baiti yenye thamani 10 imetanguliziwa baiti yenye thamani 13, rangi zimehama na picha imepinda. Lifunguliwe kwa wb, yaani kuandika baiti kama zilivyo.

Zoezi la mwisho ni machweo ya Ziwa Tanganyika kwa pembetatu zisizozidi 40: milima ya Kongo nyuma, meli ya Liemba mbele. (Meli yenyewe ilifika Kigoma vipande vipande, ikaungwa hukohuko.) Kila pikseli itunze umbali, kutoka kwa mtazamaji, wa kilichokwisha kuchorwa hapo; kipya kichorwe tu kikiwa karibu zaidi. Umbali ukianzia 0 badala ya namba kubwa mno, hakuna kitakachoonekana kuwa karibu zaidi, na picha itabaki nyeusi tii. Wachore meli kwanza, milima baadaye. Milima ikiifunika meli, kipimo cha umbali hakijafanya kazi.