Kuendesha Chama cha Sayansi Malindi: Kutoka Kisimani hadi Mbele ya Majaji

Vyama vingi vya sayansi na uhandisi shuleni hugawa mwaka wao mafungu mawili: muhula wa kwanza ni wa mashindano, na ziara ya kuelimisha jamii husubiri hadi mtu akumbuke kwamba ripoti inahitaji picha. Ninapendekeza njia nyingine, ambayo naamini ndiyo huzaa miradi yenye nguvu: swali litoke mtaani, lipimwe shuleni, litetewe mbele ya majaji, kisha jibu lirudishwe kwa walioliuliza. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo walimu wa zamani wangali wakiyaita Kongamano la Sayansi, huanzia shuleni na kupanda hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda na taifa, na kila mradi hutetewa na mwanafunzi mmoja au wawili. Kwa kuwa ngazi za mwanzo huja mapema, chama kinachongoja Januari ndipo kianze kutafuta wazo huwa kimekwisha kuchelewa. Anzeni muhula wa tatu wa mwaka uliotangulia.

Maswali yamejaa Malindi kwa anayesikiliza. Wavuvi hulalamikia tope la Mto Sabaki linaloipaka bahari rangi ya udongo mvua zinaponyesha. Wenye miembe hutupa maembe msimu unapofurika. Na akina mama wa mitaa iliyo karibu na pwani watawaambia kwamba kisima fulani kilikuwa kitamu, sasa maji yake hayafai hata kwa chai. Nitalichukua hili la visima, kwa sababu linapimika kwa vifaa ambavyo maabara ya kawaida inavyo.

Kabla ya kuchota tone, ombeni ruhusa. Mwalimu mlezi amwarifu mzee wa mtaa, na kila kundi liongozwe na mwanafunzi anayejulikana hapo, kwani mlango humfungukia mwenyeji kwanza. Maneno yenyewe hayahitaji urembo:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwataka maji?"

"Si ya kunywa, bibi. Twaomba chupa moja tukaipime chumvi, na majibu tutakuletea."

Ahadi hiyo ya mwisho iandikwe kwenye daftari la kazi siku hiyohiyo, pamoja na tarehe, saa, hali ya bahari na umbali wa kisima kutoka ufuoni. Visima vipewe namba, si majina ya wenyewe, maana hakuna anayependa maji ya nyumbani kwake yatangazwe ukumbini.

Upimaji wenyewe unataka subira kuliko fedha. Chujeni maji, kisha osheni bika (chombo cha kioo cha maabara), likausheni na kulipima kwenye mizani likiwa tupu. Chemsheni lita moja ya maji kidogo kidogo, mkiongeza kadiri yanavyopungua, na yanapokaribia kwisha punguzeni moto, kwa sababu chumvi huanza kuruka na kila punje inayoruka ni hesabu iliyopotea. Malizieni kukausha kwa moto mdogo sana, subirini bika lipoe, kisha pimeni tena na tena hadi vipimo viwili vinavyofuatana vilingane. Tofauti kati ya uzito wa mwisho na wa bika tupu ndiyo chumvi na madini mengine yaliyoyeyuka katika lita ile. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye chini ya takriban miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yanayozidi miligramu 1,000 huzidi kuwa magumu kunyweka. Kwa hiyo mnatafuta tofauti ya gramu moja au pungufu, na mizani ya jikoni haitoshi. Ili kujua kama mkono wenu ni wa kuaminika, fanyeni vivyo hivyo kwa mililita 100 za maji ya bahari yaliyochotwa mbali na mlango wa Sabaki: mnatarajia karibu gramu 3.5. Mkipata 2 au 5, rudieni kabla ya kugusa kisima chochote.

Mradi unapata uzito wa kisayansi pale mnapopima kisima kilekile wakati wa bamvua (bahari inapopanda na kushuka sana) na wakati wa maji mafu (inapopanda na kushuka kidogo), na mnapolinganisha visima vya ufuoni na vya ndani. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi, na kanuni ya Ghyben na Herzberg inakadiria kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake. Maana yake ni kwamba pampu ikishusha maji kwa nusu mita tu, hali ikitulia mpaka wa chumvi huweza kupanda karibu mita 20. Mchoro wa jambo hili ndio unaostahili nafasi ya katikati kwenye bango, si nembo ya shule.

Majaji husoma andiko, hutazama bango na vifaa, kisha huuliza. Swali la kutarajia ni hili: mmejuaje kwamba chumvi hiyo imetoka baharini, wala si kwenye mawe? Jibu zuri hukiri mpaka wake. Kukausha maji hakuonyeshi chumvi imetoka wapi. Kinachoelekeza baharini ni mpangilio wa matokeo kwa umbali na kwa bamvua, kama upo. Mwanafunzi anayesema hivyo bila kubabaika humshinda aliyekariri kurasa kumi. Fanyeni mazoezi mbele ya wanafunzi wa sanaa, ambao huuliza bila huruma.

Wenye mwelekeo wa uhandisi wanaweza kutengeneza sanduku la kukeneka maji kwa jua, yaani kuyageuza mvuke na kuukusanya ukiwa maji tena: trei nyeusi yenye maji ya chumvi, kioo kilichoinamishwa juu yake, na mfereji mwembamba wa kukusanya matone. Ni kazi ya jua lilelile linalotumiwa na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, ila wao hubakiza chumvi na kuacha maji yaende. Fanyeni hesabu kwa ukweli. Eneo la mita 1 ya mraba hutoa kiasi cha lita 2 hadi 4 kwa siku ya jua kali, yaani maji ya kunywa ya mtu mmoja au wawili, na wala si ya kufulia. Mkiahidi zaidi, jaji atagundua kabla ya mwenye kisima.

Kurudisha majibu kunahitaji maandalizi kama yale ya mashindano. Epukeni Ijumaa mchana, na wakati wa Ramadhani msipange onyesho la kuonja maji kabla ya magharibi. Zungumzeni Kiswahili, na Kigiriama panapohitajika. Onyesho lenye manufaa kuliko yote ni la sufuria: chemsheni maji ya chumvi yapungue nusu, yapoe, kisha walio tayari waonje kabla na baada, maji yakiwa yametoka mahali salama. Wengi huamini kwamba kuchemsha hutengeneza maji kwa kila hali, kumbe huua vijidudu na kuiacha chumvi yote ndani ya maji machache. Semeni waziwazi pia kwamba hamkupima vijidudu: kisima kitamu chaweza kuwa na kipindupindu, na kisitajwe kuwa salama kwa sababu tu namba yake ya chumvi ni ndogo.

Watoto wa shule za msingi watachoka na visima, nao wana haki ya jambo lao. Waelezeni kuhusu Ngomeni, kaskazini mwa mji, ambako tarehe 12 Desemba 1970 kulirushwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mpira na kipande cha chaki vinatosha kuonyesha kwa nini roketi hupendelea Ikweta: alama iliyo kiunoni mwa mpira unaozunguka hukimbia kuliko iliyo karibu na kichwa, na kwenye Ikweta ardhi hukimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa, mwendo ambao roketi inayoelekea mashariki huupata bure.

Baada ya mashindano, daftari la visima likabidhiwe wanafunzi wa kidato kinachofuata, likiwa na ramani, namba na orodha ya waliokwisha kupewa majibu. Kazi yao ya kwanza ni kupima upya baada ya masika, visima vilevile, kwa njia ileile.