Bonsai za Lamu hulazwa na kaskazi, si baridi

Mafunzo mengi ya bonsai, yaani miti inayokuzwa midogo chunguni, husema ikifika Novemba uanze kuuandaa mti kwa usingizi wa baridi. Kwa Japani na Ulaya ni kweli. Siku zao hufupika, baridi huingia, mti hupukutisha majani na kulala, na vichipukizi vyake havifunguki sawasawa mpaka vipitiwe na wiki nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi. Kazi kubwa ya mwenye mti majira hayo ni kuikinga mizizi, maana chungu cha bonsai ni kifupi na udongo wake huganda upesi kuliko ardhi.

Sisi tuko kama nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Siku ya Juni na siku ya Disemba karibu zinalingana urefu, na kipupwe chetu hakijui baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo wanangu mnaonijia na picha za mepo (maple) nyekundu ya Kijapani, mti wa nchi za baridi, nawasihi msiinunue. Itachipua mwanzoni kwa akiba iliyokuja nayo, kisha itadhoofika mwaka hadi mwaka hata ife, na maji au mbolea havitaiokoa. Kuitia kwenye friji ni kuitesa: hewa ya mle hukausha, na siku ya kuitoa inakutana na jua la Lamu kwa ghafla.

Tuna mkwaju, mbuyu, mkungu, mbogavilia na jamii ya mkuyu. Hii yote huishi chunguni vizuri, na baadhi yake ina usingizi wake. Kinachoilaza ni kiu na ukame. Kwa hiyo kalenda yangu ni ya pepo: kaskazi itokayo kaskazini-mashariki na kusi itokayo kusini.

Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ndiyo majira ya kuwa macho. Vyungu vya juu ya nyumba usiviweke moja kwa moja kwenye sakafu ya chokaa. Inapata moto na mizizi inaungua. Mimi nimevipandisha juu ya vipande vya boriti, na kuanzia saa sita hadi saa tisa vinakaa chini ya kivuli cha makuti. Mkwaju na mkuyu huenda vikataka maji asubuhi na jioni. Usimwagilie kwa mazoea: chomeka kijiti cha mshikaki udongoni, kiache kidogo, kitoe. Kikitoka na unyevu, subiri.

Mbuyu ni habari nyingine. Majani yakianza kugeuka njano na kuanguka, punguza maji, na ukishabaki uchi karibu uache kabisa. Mti usio na majani hauvuti maji, udongo unakaa mbichi, na mizizi inaoza huku wewe ukidhani unauhurumia. Libonyeze shina karibu na udongo. Likiwa gumu, mti umelala salama, lakini likibonyea kama papai bivu, uozo umeshaingia. Subiri vichipukizi vya kijani ndipo urudishe maji, kidogo kidogo. Mkwaju nao hukunja majani kila usiku, na wageni wa kazi hii hukimbilia kopo la maji. Uangalie asubuhi kabla hujauhukumu.

Sasa maji yenyewe, ambayo kwa maoni yangu yanaua bonsai nyingi hapa kuliko jua. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Onja. Chumvi hubaki chunguni maji yakikauka, na utaiona kama ukungu mweupe ukingoni, kisha ncha za majani zinaungua. Mwagilia mpaka maji yatiririke chini kwa wingi, na maji ya mvua ya jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, yaweke kwa ajili ya kuosha udongo mara kwa mara. Mchanga wa pwani usiutie kabisa. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari yaoshe mara nyingi kabla ya kuyachanganya. Mimi napenda zaidi matofali yaliyopondwa na kuchekechwa, pamoja na samadi kuukuu kidogo.

Kaskazi inapolegea, mwishoni mwa Machi, ndipo nabadilisha vyungu. Hewa ina unyevu, joto lipo, na mizizi iliyokatwa inapona haraka. Kata theluthi ya mizizi, isizidi, na ufunge mti kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini ya chungu. Usiache hilo. Kusi ikishika nguvu, mti usiofungwa hutikisika na kukatikiwa na mizizi michanga kila siku.

Kusi pia huleta chumvi majanini. Yaoshe kwa maji baridi jioni. Mvua za Mei zikikazana, inua upande mmoja wa chungu maji yatoke. Juni hadi Agosti miti mingi hukua polepole, basi mbolea ipunguze nusu na mizizi uiache. Ila mbogavilia, mvua zikipungua, iache ipate kiu kidogo na jua la kutosha: ndipo inapotoa maua.

Vuli ikinyesha, Oktoba na Novemba, kila kitu kinachipuka kwa nguvu. Pogoa wakati huo, rudisha mbolea, na ukague kila wiki waya uliozungushiwa matawi ili kuyapinda, kwa sababu tawi linanenepa haraka na waya unaweza kuzama ndani ya gamba kabla hujajua. Ukate kwa koleo vipande vipande. Usiuzungushe kuufungua, utavunja tawi.